Mlinzi wa Maji Mwenye Vichwa Vinne

Ijumaa, 1 Agosti

Nimedhalilishwa. Naandika kwa utulivu.

Asubuhi Mzee Anil ametuita ofisini akatangaza kwamba kuanzia leo kila programu ninayoandika itapitiwa kwanza na Jinal. Jinal! Mtoto wa dada yake. Amerudi majuzi kutoka masomoni, anatafuna karanga juu ya meza ya kazi, hata ufunguo wa stoo hajui unakaa wapi. Mimi nipo hapa Nyamagana tangu kampuni ikiwa duka la pampu na spea zikipangwa barazani. Nikasema sawa, mzee. Nikatabasamu. Moyoni nimekataa kabisa.

Nieleze, ili siku moja nieleweke. Chombo chetu kinaitwa Mlinzi wa Maji. Kinafungwa kwenye vizimba vya samaki ziwani. Kinapima oksijeni, kinamtumia mwenye samaki ujumbe kwenye simu, na oksijeni ikishuka kinawasha pampu ya hewa chenyewe. Programu yake nimeiandika mimi. Mwaka mzima kimekaa kwenye vizimba viwili vya mama mdogo Teodora kule Kigongo, na hakijawahi kukosea.

Mama mdogo ni mdogo wake marehemu mama. Mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake chote kimo ndani ya maji yale, kimegeuka sato. Wakivunwa mwezi ujao, nyumba yake ya Usagara inaezekwa. Wasipovunwa inabaki kuta, naye hana kingine. Watu wakimwuliza kama haogopi, anajibu kwamba chombo ni cha mwanawe.

Sasa zimeingia bodi mpya, zile kompyuta ndogo za ndani ya chombo. Ile ya zamani ilikuwa na kichwa kimoja cha kufikiri. Mpya ina vinne, vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Jinal amesema programu iliyozoea kichwa kimoja isihamishwe hivi hivi, iangaliwe upya. Wivu mtupu. Ng'ombe wanne hawavuti jembe vizuri kuliko mmoja?

Hajui kwamba bodi mpya nimeshaifunga Kigongo tangu jana. Kimya kimya. Ijumaa ijayo ni Nane Nane. Nitasimama kwenye banda letu la maonyesho ya wakulima pale Nyamhongolo niseme: imethibitishwa ziwani. Nani atathubutu kupitia programu iliyokwisha kuthibitishwa na ziwa? Cheo cha mhandisi mkuu kitanifuata chenyewe.

Jumamosi, 2 Agosti

Kigongo. Tangu daraja lifunguliwe, magari yanapita juu bila kutuangalia. Kwenye maegesho ya zamani ya kivuko kumebaki mama mmoja wa mihogo na mbuzi wake.

Nimemkuta Ngosha, mlinzi wa vizimba, akifanya uzembe wa kushangaza. Kazi yake ni kupiga kasia hadi kizimbani, kulisha samaki, halafu kupandisha kitambaa chekundu kwenye mti. Mama mdogo akikiona kutoka nchi kavu anajua samaki wameshakula. Ngosha anafanyaje? Akifika tu, anapandisha kitambaa. Halafu ndipo anaanza kufungua mfuko wa chakula! Nimemkaripia. Nimemwambia kitambaa ni ahadi: anayekiona anaamini kazi imekwisha, na kama haijaisha umemdanganya. Akauliza, si atalisha tu hatimaye? Nikamwambia mambo yana utaratibu wake. Akasema haya, injinia, akanisalimu kwa Kisukuma, mwadela, akaendelea na kasia lake. Watu wa aina hii huwezi kuwafundisha.

Jambo dogo la pembeni. Mchana mama mdogo alipata ujumbe wenye jina la kizimba cha pili, lakini kipimo kilikuwa cha kizimba cha kwanza. Yeye ni mwalimu, macho yake ni ya kusahihisha. Akasema alama za mtoto huyu zimeandikwa kwa mwenzake. Nikamwambia ni mtandao.

Si mtandao. Nimeliwaza njia nzima hadi mjini. Programu yangu iko hivi: kichwa kimoja kinapima, kinaandika jina la kizimba na kiasi cha oksijeni, kisha kinapandisha bendera. Bendera ni namba tu: sifuri iko chini, moja iko juu. Kichwa cha pili kinaingoja bendera. Ikipanda, kinasoma kilichoandikwa na kutuma. Kuna kosa gani hapo? Hakuna. Utaratibu umenyooka.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwuliza Jinal kijanja. Nimesema rafiki yangu wa Shinyanga ana tatizo la bendera.

Akasema rafiki yangu wa Shinyanga amedhani vichwa vinaonana. Havionani. Kila kichwa kina mfuko wake. Kikiandika kitu kinakitia mfukoni kwanza, halafu kinakitoa mezani baadaye, kwa mpangilio kinaoutaka chenyewe. Kwa hiyo mwenzake anaweza kuiona bendera imepanda huku kipimo kipya bado kiko mfukoni. Akisoma, anasoma cha zamani. Dawa, kasema, ni kuifanya bendera iwe ya atomiki, yaani isiyokatika katikati, yenye amri mbili. Anayeipandisha atoe kwanza kila alichoandika kabla yake. Anayeingoja asisome chochote mpaka ameiona. Pande zote mbili, maana upande mmoja ukikosa ni sawa na bure.

Akatafuna karanga. Akaongeza kwamba anampa pole huyo rafiki, kwa sababu kosa la namna hiyo haliji kila siku. Linakuja siku unayolihitaji lisije.

Nimemshukuru kwa niaba ya Shinyanga. Ushauri wake sikuufuata. Nikiweka dawa yake, atasema ameniokoa. Ninayo yangu: kuna neno volatile, ukilitia mbele ya jina la kitu kwenye programu, kompyuta inalazimika kukisoma upya kila mara. Nimelitia kila mahali, kama chumvi kwenye maharage. Nimejaribu kwenye kompyuta yangu. Saa nzima, kosa hakuna!

Jioni nikamwambia Jinal kwamba rafiki amepona kwa volatile. Akacheka hadi akakohoa karanga. Akasema neno hilo halimlazimishi mtu kutoa vitu mfukoni kwa utaratibu. Na kuhusu kompyuta yangu: prosesa yake, ile chipu yenye vichwa, ina adabu, inatoa vitu kwa mpangilio hata usipoiambia. Ile ya kwenye bodi haina adabu hiyo. Nikamjibu mashine hazina adabu wala utovu wa adabu. Nadhani nilishinda.

Jumanne, 5 Agosti

Ushindi! Mama mdogo alipiga asubuhi, alama za watoto zimechanganyika tena. Nikapanda basi, nikaenda Kigongo na kompyuta. Nikaweka mstari wa kuchapisha kwenye kioo kila bendera inapopanda, ili nimkamate mhalifu waziwazi. Kosa likatoweka! Nikaketi nikaangalia hadi mchana. Kila kizimba na kipimo chake. Nikaondoa mistari ya kuchapisha, kosa likarudi. Nikairudisha, likaondoka.

Yaani ni kama tumbo linaloacha kuuma ukifika mlango wa zahanati. Mtu mwenye akili anafanyaje? Anahamia mlangoni. Nimeiacha mistari ya kuchapisha. Sijui kwa nini inatibu, na aliyepona hadai maelezo.

Jumatano, 6 Agosti

Siku nzito. Mistari ya kuchapisha imejaza kadi ya kumbukumbu na chombo kikazima alfajiri. Ngosha aliwasha pampu kwa mkono. Ilibidi niitoe mistari, na kosa likarudi nayo... hapana, likarudi bila hiyo. Nimechoka.

Halafu jambo la choo.

Komeo la choo cha ofisi lilivunjika zamani. Mwezi uliopita nilibuni utaratibu: kibao kinaning'inia uani kando ya tangi, upande mmoja kimeandikwa WAZI, upande wa pili KUNA MTU. Unaangalia, ukikuta wazi unakigeuza, unaingia. Kila mtu alinisifu. Leo maji hayakutoka. Mzee Anil akaangalia kibao, akakuta wazi, akaenda kuchota ndoo. Wakati anachota, mimi nikaangalia kibao, nikakuta wazi, nikakigeuza, nikaingia. Mzee akarudi na ndoo. Kwa kuwa alikwisha kuangalia, hakuangalia tena. Akakigeuza tu. Yaani akakirudisha kwenye WAZI! Akafungua mlango.

Tulitazamana. Nikamwamkia shikamoo, sikujua la kufanya. Akaitikia marahaba, mkono umeshika ndoo. Kabla hajatoka, Jinal akabisha hodi, akasema samahani, mbona kibao kinasema wazi?

Mchana wote Jinal hakuweza kufanya kazi kwa kucheka. Baadaye akasema, kwa uso wa kweli kabisa, kwamba kibao changu kina kosa lile lile la kompyuta. Kuangalia na kugeuza ni vitendo viwili, na katikati yao mtu anapenya. Inatakiwa viwe kitendo kimoja kisichokatika katikati. Hicho ndicho kitendo cha atomiki: ama kimefanyika chote, ama hakijaanza. Nikamwambia kosa ni la mzee, angebisha hodi. Akasema vichwa vya prosesa navyo havibishi hodi.

Lakini aibu imenizalia wazo. Tatizo la kibao ni kwamba kina pande mbili tu. Mimi nitaweka hesabu! Namba moja inayosema wangapi wamo ndani. Kichwa kinachotaka kupima, kusoma au kuwasha pampu kingoje mpaka hesabu iwe sifuri, kiongeze moja, kiingie. Kikitoka kipunguze moja. Nimeiita Hesabu ya Mashimba, kwa heshima ya ukoo wetu. Kichwa cha kutuma ujumbe nimekisamehe foleni: kisingoje mtu, kitume chochote kilichoko mezani, mama mdogo asikose ujumbe. Vipimo havichanganyiki tena. Nimejaribu kwenye kompyuta yangu mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Hesabu ya Mashimba imefungwa Kigongo. Inakwenda vizuri. Nimeketi na mama mdogo ufukweni nikala naye ugali na visamaki vya furu vya kukaanga. Upepo mkali, maji yamegeuka rangi ya majivu. Ngosha anasema upepo wa namna hii unapandisha maji ya chini, na maji ya chini hayana hewa. Ndiyo maana tuna chombo, nikamwambia.

Nimemwalika mama mdogo kesho Nyamhongolo. Nataka asimame kando yangu. Mteja halisi, mwalimu mstaafu, anayeongea Kiswahili safi: Jinal ataonyesha nini zaidi ya hapo? Mama mdogo akasita. Akauliza nani atabaki na samaki, maana Ngosha ameomba ruhusa ya sikukuu. Nikamwambia ampe. Mlinzi wa Maji yupo, ana vichwa vinne, halali wala haendi Nane Nane.

Akanitazama kidogo. Akasema tangu nikiwa darasa la kwanza nilikuwa sijui kusema uongo. Akaenda kutafuta kitenge cha kuvaa.

Ijumaa, 8 Agosti, asubuhi, bandani

Naandika nimesimama. Banda limejaa! Nimefunga televisheni kubwa inayoonyesha vipimo vya Kigongo moja kwa moja. Kizimba cha kwanza, salama. Kizimba cha pili, salama. Mama mdogo amevaa kitenge cha njano na ameketi mbele kabisa kama mama wa bwana harusi. Kila anayepita anamwambia, huyu ni mwanangu.

Mgeni mmoja wa heshima amesimama muda mrefu. Nimemwonyesha kwamba kipimo hakijayumba hata nukta moja tangu jana jioni. Nimemwambia huo ndio unaoitwa uthabiti. Akaandika jina langu. Mzee Anil aliona!

Jinal alikuja nyuma yangu akanong'ona kwamba ziwa halitulii namna hiyo. Upepo wote huu, halafu namba haisogei? Kaka Nathaniel, akasema, hiyo namba imekufa. Nikamwambia asinivunjie siku. Akaniuliza bodi ya Kigongo ni ipi, ya zamani au mpya. Nikamwambia kuna wageni. Akaanza kukusanya vitu vyake aende Kigongo mwenyewe. Wivu haujawahi kulipiwa nauli namna hii.

Ijumaa, 8 Agosti, jioni

Mchana simu ya mama mdogo iliita, alikuwa Ngosha. Alikuwa anapita na baiskeli akaona korongo wengi juu ya kizimba cha pili. Mama mdogo alisikiliza akiwa amesimama pale pale mbele ya televisheni. Simu bado iko sikioni, ikalia mlio wa ujumbe. Akaishusha, akasoma. Akanigeuzia kioo nione.

Kizimba cha pili: salama.

Alinionyesha tu. Watu walikuwa bado wanapiga makofi banda la jirani.

Mzee Anil alitupakia kwenye pikapu yake. Njia nzima mama mdogo alikunja kitenge magotini na kukikunjua. Ujumbe ukaendelea kuingia. Salama, salama. Tulipofika Usagara nikamwomba azime simu. Akasema hapana, acha imalize kunieleza.

Kizimba cha pili wote wamekufa. Wote. Matumbo juu, meupe, wamebanana mpaka maji hayaonekani. Cha kwanza kimepona kwa sababu Ngosha alipiga kasia peke yake akaiwasha pampu kwa mkono upande ule. Pampu haifiki kote kuwili. Alichagua.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumewazika. Samaki waliokufa hivi hawauzwi wala hawaliwi, na wakiachwa majini wanaua wengine. Majirani wa vizimba wamekuja na majembe na mitumbwi bila kuitwa. Wanaume walichimba shimo juu ya ufukwe, wanawake wakabeba kwa matenga. Halafu watu hawakuondoka. Waliketi kwenye mikeka nje ya kibanda cha mama mdogo, kama kwenye msiba wa mtu. Mmoja akaleta sukari. Mmoja akasema Bwana ametoa. Mama mdogo alizunguka akishukuru kila mtu kwa jina, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Nilibeba matenga. Sato wa mama mdogo walikuwa wakubwa kuliko kiganja changu, wiki chache tu zilibaki. Nilijificha nyuma ya mitumbwi nikalia. Sikumbuki mara ya mwisho nililia hivyo. Nalisema hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kulisoma.

Aliyenikuta ni yeye. Nilitegemea atanitukana, nilikuwa tayari. Akanipa maji ya kunawa. Akasema twende ukale, umebeba sana. Nikasema upepo ule ulikuwa si wa kawaida, mama. Hata wazee wanasema. Akasema ndiyo, mwanangu, ulikuwa upepo mkali.

Jumatatu, 11 Agosti

Jinal aliichukua bodi ya Kigongo Ijumaa ile ile, bila kuizima. Leo ametuita mezani, mimi na Mzee Anil, akaiunganisha na kuonyesha Hesabu ya Mashimba ilikuwa imesimama wapi.

Ilikuwa hasi moja.

Mzee Anil akauliza hasi moja maana yake nini. Jinal akasema maana yake ndani ya chumba kuna mtu pungufu ya sifuri. Nikadhani mzee atacheka. Hakucheka.

Jinal akaeleza taratibu, bila karanga. Vichwa viwili viliangalia hesabu kwa wakati mmoja, vyote vikakuta sifuri. Kila kimoja kikaongeza moja kwenye ile sifuri kiliyoiona, kikaandika moja. Waliingia wawili, hesabu ikasema mmoja. Wa kwanza akatoka, ikawa sifuri. Wa pili akatoka, ikawa hasi moja. Kuanzia hapo kila kichwa kilisimama mlangoni kikingoja sifuri isiyokuja. Kichwa cha kupima kilingoja. Kichwa cha pampu kilingoja. Alhamisi jioni yote, Ijumaa yote. Kilichosamehewa foleni ni kimoja tu, nacho kikaendelea kutuma kilichoachwa mezani: salama.

Mzee Anil aliisukuma bodi kando. Akaniuliza kama nilimwambia mtu yeyote kwamba nimefunga bodi mpya. Nikasema suala hilo lina pande nyingi. Akamgeukia Jinal akamwuliza kwa Kigujarati, naye akajibu kwa Kiswahili, ili nisikie, kwamba hakujua, ila alipaswa kunibana mapema kuhusu huyo rafiki wa Shinyanga.

Jinal ndiye mhandisi mkuu sasa. Hakuonekana kufurahi. Ameandika upya sehemu ile: kuongeza na kupunguza kwa vitendo vya atomiki, bendera ya atomiki yenye zile amri mbili, na kila ujumbe unabeba saa ya kipimo chake. Kampuni italea samaki wapya wa kizimba cha pili, kasema mzee. Lakini samaki hawaharakishwi. Nyumba ya Usagara itapitisha mvua zijazo bila bati.

Nimeandika maelezo yangu kwa mzee. Nimesisitiza upepo.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama mdogo amekataa mtu mwingine yeyote afunge chombo kipya. Mzee Anil alitaka aende Jinal. Mama mdogo akasema damu ni damu, aje Nathaniel. Nilipoambiwa nilikaa chini. Sikustahili kupendwa hivyo na mtu yeyote, na sasa ameninyanyua mbele ya wote. Nimeapa kimoyomoyo kwamba safari hii nitafanya kila kitu kwa uangalifu mkubwa.

Nimefika Usagara mapema, basi la kuunganisha halijajaa, nikafungua kompyuta nikaipitia programu ya Jinal. Mstari kwa mstari. Ni nzuri, sikatai. Lakini imejaa woga. Hesabu ameifanya ya atomiki, hilo nimelikubali, tumeona wote. Sasa bendera? Bendera ni sifuri au moja. Kitu kidogo kuliko vyote kwenye kompyuta! Kitu kidogo namna hiyo kinakatikaje katikati? Wala haipandishwi na vichwa viwili, inapandishwa na kimoja tu. Zile amri mbili alizoweka, moja ya kutoa na moja ya kungoja, zinakichosha kichwa bure. Na ukweli ni kwamba katika programu nzima hakuna tena hata mstari mmoja wangu. Mwaka mzima wa kazi, umefutwa kama ubao.

Nimeziondoa. Nimeirudisha bendera ya kawaida. Nimejaribu kwenye kompyuta yangu papo hapo kituoni, haikukosea hata mara moja.

Kigongo nimefunga kila kitu vizuri, nyaya nimezikaza mwenyewe. Mama mdogo alisimama majini hadi magotini akinishikia bisibisi. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu: hii ndiyo ile aliyoiandika Jinal?

Nikamjibu ndiyo. Mistari miwili tu ndiyo yangu.

Hilo la mistari miwili nimeliandika hapa, sikumwambia. Alishusha pumzi, akafunga kibanda, akaenda Usagara kwa jirani yake kulala, usiku wa kwanza mbali na maji tangu samaki wafe.